Linux Kilosa: Kazi Kubwa Ilifanyika Mikumi

Kompyuta yenyewe ni Dell Latitude E6430, laptopu ya mwaka 2012 yenye ramu ya GB 4, mali ya familia moja pale Kilosa mjini. Windows 10 iliyokuwamo ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo haiitaki: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Hii ni ya kizazi cha tatu. Fundi wa mtaani angepiga tena Windows ileile, iliyochakachuliwa, akachukua chake. Familia ikachagua Linux Mint 22, toleo la Xfce lisilokula ramu nyingi, ambalo litahudumiwa hadi 2029.

Maelekezo mengi ya kuweka Linux huanzia kwenye flashi, kana kwamba faili limejileta. Faili hilo ni karibu GB 3. Anayeishi kwa bando la simu anajua uchungu wa upakuaji unaokatika karibu na mwisho. Ndiyo maana kazi ilianzia Mikumi, kwenye barabara kuu iendayo Zambia, ambako mmoja wa familia ana shughuli zake na intaneti ya kutulia. Alipakua kwa torenti: mtandao ukirudi, torenti huendelea ilipoishia na hukagua kila kipande. Bado akatumia amri ya certutil kulinganisha alama ya SHA256 na ile iliyotangazwa na Mint. Akaandika flashi kwa programu ya Rufus, kisha akaiwashia kompyuta nyingine hukohuko kabla ya kupanda gari. Hatua hii wengi huiruka, na kwangu ndiyo yenye akili kuliko zote, maana flashi mbovu ikigundulika Kilosa gharama yake ni nauli.

Kilosa, picha na nyaraka zilinakiliwa kwanza kwenye diski ya nje. Ikabonyezwa F12, flashi ikachaguliwa, Mint ikawaka bila kugusa diski. Sauti ipo, kioo kipo, Wi-Fi haipo.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kadi nyingi za Broadcom za enzi ile hutegemea dereva ambalo msimbo wake haujafunguliwa, na mara nyingi haliwekwi moja kwa moja. Unahitaji intaneti ili upate dereva la kukupa intaneti! Lakini Mint imebeba dereva hilo ndani ya faili lake, na tangu toleo 21.1 Kidhibiti cha Madereva huweza kuifanya flashi yenyewe kuwa ghala la kusakinishia. Mfumo ulipokwisha kuwekwa, flashi ikachomekwa tena, dereva likaingia, Wi-Fi ikaonekana. Ingeshindikana, simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB ingegawa bando bila kuhitaji kadi hiyo.

Usakinishaji wenyewe hauna habari: ukifuta diski yote, unajibu maswali machache na kusubiri. Betri iwe imejaa, basi. Umeme ukikatika unaanza upya, hakuna kilichoungua. Kusasisha BIOS ni jambo jingine. Umeme ukikatika hapo unaweza kuua ubao mama, na hakukuwa na sababu ya kuigusa.

Mwalimu wa nyumba hiyo alihofia mitihani yake ya Word. LibreOffice iliifungua, na fonti ya Carlito, yenye vipimo sawa na Calibri, ilizuia mistari kuhama. Majedwali mawili yalipinda, yakanyooshwa kwa mkono. Programu hiyo ni ndugu wa OpenOffice, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitolea toleo la Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Kiswahili si kigeni kwa familia hii ya programu.

Mwisho, Kidhibiti cha Masasisho kilizuiwa kusasisha mfumo chenyewe. Masasisho hupakuliwa kwa mkono, bando la usiku likiwepo.