Springi ya Upande wa Dereva

Pale Ilongero sauti ya nyundo inakufikia kabla hujaiona gereji. Gereji nayo ni jina la heshima tu: mti mmoja wenye kivuli kizuri, vipande viwili vya reli vilivyochimbiwa ardhini, makopo ya nati, na uzio wa minyaa. Siku niliyofika, Land Rover 109 ilikuwa imepandishwa juu ya mawe, gurudumu la nyuma la kulia limetolewa. Ilikuwa imetoka na magunia ya alizeti njia ya Mtinko, ikaingia korongo, na jani kubwa la springi likakatika karibu na jicho.

Fundi ni mzee aliyevuka miaka sabini. Simtaji jina kwa sababu sikumwomba ruhusa, na nadhani angenishangaa kwa kuomba. Aliliangalia lile jani lililokatika, akapitisha kidole penye mpasuko, akasema nusu ya mpasuko ule ni ya zamani. Kweli: sehemu moja ilikuwa nyeusi kwa kutu, nyingine inang'aa. Korongo lilimalizia tu.

Nyuma ya minyaa kuna mzoga wa Land Rover nyingine, nao ndio stoo yake. Jani alilolichomoa huko lilikuwa zima ila limelala, limekaribia kunyooka kama rula. Kazi ikawa kulirudishia upinde. Nilidhani atawasha moto. Hakuwasha. Chuma cha springi ukikipasha ovyo ugumu wake unaondoka, na jani litalala tena kabla ya wiki kuisha. Akalilaza juu ya zile reli mbili, tumbo likiwa hewani, akaanza kupiga baridi, pigo moja kwa kila upana wa kidole gumba, kutoka katikati kuelekea jichoni, kisha kurudi. Hayakuwa mapigo ya nguvu. Kijana anayemsaidia, ambaye ana mikono kama ya mpiga kasia, alipewa nyundo akapiga mara tatu akanyang'anywa. "Unalitisha," mzee akamwambia.

Kila baada ya raundi mbili alilinyanyua, akaliweka juu ya jani la pili, akachungulia. Mwanga ukipenya katikati, anajua pa kurudi. Mwanga ukipenya kwenye ncha, amezidisha, na kulirudisha jani lililozidi ni kazi mara mbili. Kazi hii ilichukua muda wa kupika maharage, na maharage kweli yalipikwa, tukala, akaendelea.

Baadaye aliipima springi ya kulia na ya kushoto. Mimi nikaona kosa: ya kulia ilikuwa imeinuka zaidi. Nikauliza kwa adabu, "Mzee, hii haijapita mwenzake?"

"Ipite," akasema. "Upande wa dereva hauna siku ya kukaa mtupu. Ukizilinganisha, gari litatembea limeinama kama mtu mwenye jino bovu."

Nilipofuatilia nikakuta kiwanda cha gari hili huko Solihull, Uingereza, kilifanya vilevile. Springi za upande wa dereva zilitoka na upinde mkubwa kuliko za upande wa pili. Mzee hajawahi kukiona kitabu cha kiwanda. Alijifunza kwa kutazama magari yakiinama.

Gari lenyewe lina ukoo wa kusikitisha. Mara baada ya Vita vya Pili, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akilima shamba lake huko Anglesey kwa Jeep ya Kimarekani iliyotoka jeshini. Gari la kwanza la majaribio, mwaka 1947, lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep, na Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam. Bodi ilifanywa ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo; ndiyo maana hadi leo bodi ya 109 inang'ang'ania uhai huku chasisi inaliwa na kutu chini yake. Willys-Overland ya Toledo, Ohio, mama wa ile Jeep, ilipoteza jina mwaka 1963. Rover nayo ilianguka mwaka 2005. Jina la Land Rover lilipita kwa Ford, na tangu 2008 liko kwa Tata, hao hao wa mabasi. Mama alikufa, baba alikufa, mtoto yuko Ilongero anabeba alizeti.

Tunapenda kusema magari ya zamani yalikuwa imara. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha, na maneno hayo yalisemwa sana. Mimi siyaamini sana. 109 ilikata ekseli za nyuma, ilivuja oili kila ungio, ilizima na kukuacha porini. Ilichokuwa nacho ni kukubali kufunguliwa: karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti, na aliye na spana na subira anaingia popote. Sifa tunazolipa gari, nyingi ni mali ya watu wa chini ya miti. Katika picha za Arusha nilizoziona nilitafuta mafundi, nikaona magari.

Kabla ya kufunga gurudumu, mzee alikumbuka pampu ya maji inadondosha. Gasketi hana. Akachukua ubavu wa boksi la biskuti, akauweka juu ya mdomo wa pampu, akagonga ukingoni kwa kichwa cha duara cha nyundo ndogo, taratibu, kama anayebisha hodi usiku. Karatasi ikajikata yenyewe kufuata chuma, matundu ya bolti yakatoka moja moja. Hakutumia mkasi wala kipimo. Akapaka grisi, akafunga, akatia maji, tukasubiri. Hapakuwa na tone.

Shida yake ni spana. Gari hili ni la inchi, na maduka yanauza spana za milimita kwa ajili ya Toyota. Kwa nati za robo tatu inchi anajisaidia na namba 19, tofauti yake haionekani. Lakini nati za propela shafti ni tisa kwa kumi na sita: namba 14 haiingii, 15 inacheza na kula kona. Ya kwake ya inchi imeliwa mdomo hadi ameichomelea mara mbili. Ukiwa na spana hiyo nyumbani, imelala kwenye sanduku la marehemu babu, na una safari ya Singida, pitiliza hadi Ilongero umpelekee.