Toazi la Pili

Kwenye muziki wa dansi kuna mahali ambapo mpiga dramu hasamehewi. Mwimbaji amemaliza beti zake, magitaa yanajikusanya, watu wanasukuma viti nyuma, chemko linaingia. Wenzetu wa Kongo huliita sebene. Hapo ndipo toazi la krashi linapopigwa, mlio mmoja mpana wa kufungua mlango, halafu snea na hai-hati zinashika kazi. Sasa kama unayo krashi moja tu, mara nyingi umeshaipiga punde hivi, ulipokuwa unafunga ubeti wa mwisho, na bado inalia. Ukiirudia, mlio mpya unazama ndani ya ule wa zamani. Mlango haufunguki.

Nilikaa na shida hiyo miaka saba. Krashi yangu ni ya inchi 16, nyembamba, uzito wake karibu kilo moja, na sina neno baya juu yake. Siku nilipopata hela ya kununua ya pili, nilikwenda dukani Kariakoo mikono mitupu, nikagonga yote yaliyotundikwa, nikachukua iliyonifurahisha. Usiku ule nikaipiga ukumbini kwa fahari zote. Wakati wa mapumziko mpiga besi akanisogelea na soda yake akauliza, "Hivi ile mpya utaileta lini?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimenunua toazi lilelile. Sikio langu lilikwenda dukani likachagua sauti liliyoizoea, kama mtu aliyeingia sokoni kutafuta shati akatoka na pacha wa alilolivaa.

Neno hili toazi wengi wetu tulilikuta kwenye Zaburi ya 150 kabla ya kuliona toazi lenyewe. Jukwaani tunataja kazi yake tu: krashi, raidi, hai-hati. Lakini kabla ya kazi kuna chuma, na chuma hiki kina tabia zake. Toazi zuri ni shaba asilimia 80 na bati asilimia 20. Mchanganyiko huo ukishapoa hutaka kupasuka kama kigae, kwa hiyo mafundi huuchoma mpaka uive, huupitisha kwenye rola ukiwa bado moto, huurudisha tanuruni, huupitisha tena, na tena. Mwishowe huutosa majini. Mhunzi wa majembe akisikia yanayofuata atadhani anataniwa: chuma cha jembe kikitoswa hivyo hukakamaa, ila shaba hii hulainika. Ndipo nyundo inapopata ruhusa.

Nyundo ndiyo inayonishangaza kuliko yote. Fundi hulizungusha bamba juu ya fuawe, anagonga, anasogeza, anagonga, mamia ya mapigo, na kila pigo linavuta sauti upande fulani. Baada ya hapo toazi hukerezwa, ndiyo ile mifereji myembamba unayoihisi ukipitisha kucha. Fundi aliyechoka jioni hagongi kama alivyogonga asubuhi. Ndiyo sababu matoazi mawili ya jina moja na kipimo kimoja, kutoka tanuri moja, hayalii sawa, na ndiyo sababu sinunui krashi kwa kuangalia picha. Yale ya bei ndogo, ya shaba ya manjano iliyotiwa zinki, hukatwa tu kwenye bamba na hulia kama sinia. Kuna na ya katikati, yenye bati asilimia 8, makali kidogo. Hayo siyadharau hata kidogo. Magitaa matatu yakipandisha, yanapenya.

Ufundi wenyewe una ukoo. Nyumba ya Zildjian huhesabu mwanzo wake mwaka 1623 mjini Istanbul, kwa Muarmenia aitwaye Avedis ambaye, husimuliwa, alikuwa akiitafuta dhahabu. Hakuipata, akapata mlio, na jina la ukoo likatokana na zil, yaani toazi kwa Kituruki. Mwaka 1929 mjukuu wa ukoo huo, naye Avedis, alianzisha kiwanda karibu na Boston, Marekani, na wapiga dramu wa jazi kama Gene Krupa wakawa wanamsumbua awatengenezee matoazi membamba zaidi. Membamba ndiyo yanayofunguka haraka. Krashi tunayoipiga leo imetokana na usumbufu huo. Kisha ndugu wakatengana, na mwaka 1981 Robert Zildjian akaanzisha Sabian huko Kanada. Huko Istanbul nako, jina moja la matoazi lililojengwa na Mehmet na Agop liligawanyika kuwa nyumba mbili, baada ya Agop kufariki mwaka 1996. Watu wanaoshinda wakisikiliza tofauti ndogo ndogo labda hawawezi kukaa pamoja muda mrefu.

Turudi Kariakoo. Safari ya pili nilibeba krashi yangu ya zamani, nimeifunga kwa kanga. Nikaomba stendi mbili, nikaweka ya zamani kushoto, na kulia nikaanza kubadilisha za inchi 18. Kipimo kikipanda sauti hushuka, lakini unene huipandisha tena, kwa hiyo krashi nene ya 18 inaweza kukurudisha palepale ulipotoka. Nilikuwa napiga kushoto, napiga kulia, nanyamaza. Muuzaji akavumilia weee, mwisho akasema, "Kaka, unanunua au unafanya mazoezi?" Nikampa kijiti apige yeye, mimi nikasimama mlangoni penye kelele za mikokoteni, kwa sababu mpigaji husikia zaidi kishindo cha kijiti, na aliyeko mbali hubakiwa na mkia wa mlio. Tena wachezaji wako mbali.

Ya kwanza ilikuwa tamu ikilia peke yake. Ikifuata ile ya zamani, zote mbili zilitaka kusema kwa wakati mmoja. Ya pili ilichelewa kufunguka. Ya tatu, ya mtumba, kavu kidogo, nzito ya sauti, nisingeigusa safari ile ya kwanza. Lakini ya 16 ilipolia, hii iliipokea chini yake kama bibi anayeitikia "ehee" mjukuu akisimulia. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikaishusha, nikapitisha kucha ukingoni taratibu kuzunguka kutafuta ufa, nikatazama tundu la katikati kama limeliwa na stendi likawa umbo la yai. Lilikuwa bado duara.

Kanga ilitosha toazi moja tu. Lile jipya nililitundika kidoleni kwa tundu lake, nikapanda daladala la Mbagala nikiwa nimesimama. Konda akalitazama, akaligonga kwa sarafu. Likalia gari zima, abiria mmoja aliyekuwa amesinzia dirishani akafumbua macho, na mlio ukaendelea mpaka konda mwenyewe akashtuka.

"Mzee, hili sinia la pilau?"

Nikamwambia ndiyo. Akanidai nauli ya mzigo.