Mvua ya Kale Ndani ya Nta ya Majani

Okota jani la mwembe hapa Kampemba, Lubumbashi, ulipanguse vumbi kwa kidole, utaliona linang'aa. Mng'ao huo ni nta. Jani lenyewe litaoza upesi, lakini nta yake ni sugu. Mvua huizoa pamoja na udongo hadi Mto Kafubu, kisha Luapula, Ziwa Mweru, Luvua, Lualaba na hatimaye Mto Kongo. Ile inayofika mwisho wa safari huzama Atlantiki, mbele ya Muanda.

Upande huo, penye kina cha maji cha mita 962, watafiti wa Bremen walitoa nguzo ya mashapo waliyoipa namba GeoB6518-1. Mwaka 2005 Enno Schefuß, Stefan Schouten na Ralph Schneider walichapisha katika jarida la Nature historia ya mvua ya Afrika ya Kati kwa miaka 20,000, wakiisoma kutoka kwenye tope hilo.

Waliisomaje? Mti hutengeneza nta yake kwa haidrojeni ya maji ya mvua yanayonyonywa na mizizi. Katika maji hayo mna atomu chache za haidrojeni nzito, yaani deuteri, na molekuli zenye atomu hizo ndizo hutangulia kudondoka kutoka mawinguni. Mvua ikinyesha kwa wingi, maji yake huwa na deuteri pungufu. Ikiwa haba, deuteri huzidi. Nta huihifadhi alama hiyo. Maabarani tope hukaushwa, mafuta yake hutolewa kwa vimumunyisho, nta ikatengwa peke yake, kisha mtambo wa kromatografia ya gesi huzipanga molekuli kwa urefu. Inayotafutwa hasa ni yenye atomu 29 za kaboni, kwa kuwa hiyo hutoka kwa mimea ya nchi kavu, si kwa mwani wa baharini. Hupashwa moto mkali mno hadi haidrojeni yake igeuke gesi, ndipo mtambo mwingine hupima uwiano wa nzito na nyepesi. Umri wa tabaka hupatikana kwa kaboni-14 iliyomo katika magamba ya foraminifera, viumbe vidogo vya bahari vilivyozikwa humo humo.

Kwangu mimi, ustadi mkubwa wa kazi hii ni kupima mambo mawili katika tope moja. Mna pia alkenoni, mafuta ya mwani mdogo, ambayo muundo wake hubadilika kufuatana na joto la maji. Kwa hiyo mvua ya bara na joto la bahari vilitoka kwenye kijiko kimoja cha mashapo, na ubishi wa tarehe ukapungua sana. Walipolinganisha joto hilo na lile la Atlantiki ya kusini zaidi, jambo likajitokeza: tofauti ya joto kati ya sehemu hizo mbili ikikua, pepo za kusini-mashariki hupata nguvu na unyevu hauingii bara, ikipungua, mvua huja.

Mwaka 2007 Johan Weijers na wenzake walipima katika nguzo hiyo hiyo mafuta ya bakteria wa udongoni. Wakakuta joto la bonde la Kongo lilipanda kutoka nyuzi 21 hivi hadi 25 enzi ya barafu ilipokwisha.

Je, mvua iliyosomwa katika nguzo hiyo ni yetu sisi wa Lubumbashi? Hapa lazima tuwe waangalifu. Bonde lina kilomita za mraba zipatazo milioni 3.7, na tope la baharini limechanganya ya kila pembe. Sehemu ya mzigo wa kwetu hutua Mweru bila kuiona bahari. Tena nta hukawia njiani: mwaka 2016 Schefuß na wenzake walipima kaboni-14 ya nta yenyewe, wakakuta ni ya zamani kuliko tope lililoizika, maana ililala kwanza udongoni na katika vinamasi.

Kuna jambo zito zaidi. Mji wetu uko karibu na mgongo wa ardhi unaogawa maji ya Kongo na ya Zambezi. Mwaka 2011 Schefuß na wenzake walitumia njia ile ile ya nta kwenye nguzo iliyotolewa Bahari ya Hindi, mbele ya mlango wa Zambezi, na majibu yakaja kinyume. Miaka kati ya 12,900 na 11,700 iliyopita, Atlantiki ya kaskazini iliporudiwa na baridi, bonde la Kongo lilikauka, ilhali la Zambezi lilipata mvua tele kwa kuwa ukanda wa mvua ulisogea kusini. Sisi tuko katikati. Anayechukua mchoro wa Muanda na kutangaza kwamba Katanga yote ilikuwa kavu ameruka hatua.

Ninachokitamani ni nguzo ya mashapo ya Mweru, ipimwe nta hiyo hiyo ya kaboni 29, kwa sababu huko jani la miombo halijasafiri mbali. Ziwa hilo lina kina kifupi, kwa hiyo kazi ya kwanza ingekuwa kuhakikisha kwamba tabaka zake hazikukatika nyakati maji yalipopungua.