Neno "Kujiajiri" na Kijana wa Utemini

Sheria ya Nguvu Kazi, Na. 6 ya mwaka 1983, ilikuwa na shabaha njema. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kukataa mwenye nguvu kuishi kwa jasho la mwenzake, na sheria ilikusudiwa kumtoa kupe mafichoni. Lakini waliosombwa mjini Dar es Salaam na kupelekwa vijijini wengi walikuwa vijana wachuuzi na wapiga viatu rangi, yaani watu waliokuwa kazini. Haikuchukua muda wengi wakarudi. Kosa la msingi lilikuwa la uchambuzi: kijana alipimwa kwa mahali alipoonekana amesimama, wala haikuulizwa nani anakula matunda ya kazi yake.

Fikra hiyo haijafa. Ndiyo inayosemwa leo juu ya vijana wa kata ya Utemini, Manispaa ya Singida, wanaokaa kijiweni juu ya pikipiki wakisubiri abiria: eti ni wavivu, mashamba yapo. Wasemao hivyo wanasahau kwamba alizeti na vitunguu ni kazi ya msimu. Wanasahau pia kwamba vijana wa Singida hawakuanza jana kuhama na kutafuta. Enzi za mkoloni kodi ya kichwa iliwasukuma baba zao kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. (Jina Utemini linakumbusha utemi; utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, dharau kwa kijana asiye na ng'ombe haikufutwa.)

Upande wa pili wapo wanaotuliza umma kwa takwimu. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato japo saa moja katika juma linaloulizwa ni mwenye ajira. Basi kijana huyu huandikwa kuwa ni nguvukazi, tena "amejiajiri". Hapa ndipo tunapopinga kwa nguvu zote. Anayempelekea tajiri hesabu kila jioni, apate abiria asipate, na mafuta anunue mwenyewe, amejiajiri kwa maana gani? Chombo cha kazi si chake. Hana mshahara, wala likizo, wala fidia akivunjika mguu. Neno "kujiajiri" linamficha mwajiri, na mwajiri akishafichwa sheria za kazi hazimfikii. Wenye mikataba ya kumiliki pikipiki baada ya muda wana nafuu, ila akishindwa hesabu karibu na mwisho hunyang'anywa yote.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 4 kati yake kwa vikundi vya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Huo ndio mlango wa kuhamisha umiliki, endapo itapimwa inavyostahili. Hivyo taarifa ya halmashauri isiishie kutaja vikundi vilivyokopeshwa. Ituambie katika vijiwe vya Utemini pikipiki ngapi ni mali ya wanaoziendesha, na zilizobaki ni za nani.