Bastola Ndogo na Adabu ya Kuitunza

Yeyote anayekusudia kuisifu silaha anawiwa na msomaji wake maelezo ya mapema juu ya kile asichokisifu. Mimi siyasifu mauti, wala siusifu ule ujasiri wa kuazima unaomwingia mtu dhaifu mara tu anapohisi uzito wa chuma mfukoni mwake, maana huo ni ghururi, na umekwisha wageuza waungwana wengi kuwa wakorofi. Ninachokisifu ni ustadi wa fundi aliyeweza kukitengeneza chombo kidogo kwa vipande vichache, kila kipande kikibeba taklifu yake bila ya kumtegea mwenziwe, na pamoja na ustadi huo ule mwingine usiosifiwa sana, wa mtu anayekinunua chombo hicho kwa hadhari, akakitunza miaka na miaka, na asipate abadan sababu ya kukielekeza kwa kiumbe.

Bastola ninayoikusudia ni ile ya milimita 6.35 ambayo kiwanda cha Fabrique Nationale, kilichoko Herstal kando ya mji wa Liège huko Ubelgiji, kilianza kuitoa mwaka 1906 kwa ubunifu wa Mmarekani John Moses Browning, na ambayo kampuni ya Colt ilianza kuiuza Marekani mwaka 1908. Urefu wake ni milimita 114 hivi, uzito wake bila risasi hauzidi gramu 370, mtutu wake hautimii sentimita sita, na magazini yake hupokea risasi sita. Risasi yenyewe ina gramu tatu na ushei, na wajuzi wa silaha wamekuwa wakiucheka udhaifu wake tangu siku ilipotoka kiwandani. Kicheko chao ni cha haki. Walakini wanasahau kwamba udhaifu huo ndio uliouruhusu mtambo kuwa mwepesi: risasi yenye nguvu hudai komeo imara la kuufunga mtutu wakati baruti inapolipuka, ilhali risasi hii ndogo hutoshewa na uzito wa kitelezi, yaani kile kifuniko cha chuma kinachorudi nyuma juu ya mtutu, pamoja na springi moja ya kukizuia. Kwa kupunguza nguvu, Browning alipata ruhusa ya kupunguza vipande, na kwa kupunguza vipande akapata chombo ambacho mtu angeweza kukiweka katika mfuko wa kizibao bila ya nguo kuvutika upande mmoja. Hata nyundo ya nje, ambayo katika bastola nyingine hunasa uzi wa mfuko wakati wa kutolewa, aliiondoa, akaiweka sindano ya kupigia ndani ya kitelezi isikoonekana.

Huo ndio uliokuwa mwendo wake tangu hapo kabla. Katika bastola yake ya mwaka 1900, ambayo ndiyo ya kwanza kwa kiwanda kile, springi iliyolala juu ya mtutu ilikuwa ikikirudisha kitelezi mahali pake na, kwa msaada wa wenzo mdogo, ikiisukuma pia sindano kwenda mbele. Springi moja, kazi mbili. Na katika bastola nyingine za kabila hili dogo zilizofuata, ncha ya sindano iliyokwisha piga kiwashio cha risasi ndiyo inayolisukuma nje ganda tupu kitelezi kinapofika mwisho wa safari yake. Fundi wa kawaida angeongeza kipande. Fundi mwenye hikima hutazama vile alivyonavyo akauliza ni kipi ambacho hakijachoka.

Browning alizaliwa mwaka 1855 katika mji wa Ogden, Utah, mwana wa fundi bunduki, na inasimuliwa kwamba hakuwa mtu wa michoro: aliliwaza jambo kichwani, kisha akalikata moja kwa moja katika chuma, akaona kwa macho kama wazo lake lina kweli. Mwaka 1926, katika jengo la kiwanda kile kile cha Herstal alikokuwa amekwenda kwa kazi, moyo wake ulisimama. Watu wa Liège wana haki ya kumhesabu kuwa nusu yao.

Nao hawakuwa wageni wa kazi hii. Kabla viwanda vikubwa havijajengwa, bunduki za Liège zilitengenezwa majumbani, mtu mmoja akijua mitutu na asijue kitu kingine, mwenzake akijua mitambo ya kufyatulia, wa tatu akijua mbao za vitako. Na wafua mitutu walikaa katika bonde la mto Vesdre, ambako maji yaliendesha nyundo zao. Mwaka 1672 mtawala wa nchi, aliyekuwa pia askofu wake, alitoa amri kwamba mitutu ijaribiwe kabla ya kuuzwa, na ndiyo asili ya ile nyumba ya majaribio ambayo ingali ikifanya kazi hadi leo. Humo silaha hufyatuliwa kwa risasi yenye nguvu kupita ile itakayoibeba maishani mwake. Ikipasuka, imepasuka mbele ya wajuzi wala si mbele ya uso wa mnunuzi. Ikisalimika, hupigwa chapa. Mwenye bastola ya Herstal aitazame kwa kioo cha kukuzia: ataona herufi E, L na G zimefungwa ndani ya umbo la yai, na juu yake taji lililoongezwa mwaka 1893. Mimi naiona chapa ile kuwa pambo zuri kuliko nakshi zote za maua zinazochongwa kwa fedha ya ziada.

Sina budi kusema pia, kwa insafu, kwamba mji huo huo uliwahi kumimina Afrika bunduki duni za biashara. Na mwaka 1890, katika mji mkuu wa Ubelgiji hiyo hiyo, mataifa yalitia saini mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa, ambao Sultani wa Zanzibar naye aliingizwa ndani yake, na ambao ulizizuia silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya bara letu huku ukiachia mlango kwa magobori yasiyo na mifereji mtutuni. Bastola ninayoisifu ilizaliwa miaka 16 baadaye, upande wa mbali wa mlango ule.

Mwaka 1914 unastahiki kusimamiwa kidogo. Mwanzoni mwake kiwanda kilifanya karamu ya fakhari kusherehekea bastola ya milioni moja ya Browning. Mwezi Juni, mjini Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alimuua mrithi wa ufalme wa Austria pamoja na mkewe kwa bastola iliyotoka kiwanda hicho hicho, ya muundo wa 1910, ndugu mdogo wa hii tunayoizungumza. Mwezi Agosti majeshi ya Wajerumani yakauvamia mji wa Liège wenyewe. Miezi michache ilitosha kuutoa mji karamuni na kuutia katika moto, na katikati ya njia hiyo ilikuwepo kazi ya mikono yake. Wapo watakaosema fundi hana dhambi kwa atakachokifanya mnunuzi. Wapo watakaosema anayo yote. Mimi naona mzigo ule hugawanywa, na sehemu ya fundi si sifuri.

Wala wasifu wa mafundi usiwasahau wanawake. Mashine za kukata vipande vile vidogo ziliendeshwa kwa wingi na wao, huku wakilipwa chini ya wanaume, mpaka Februari 1966 walipoziacha zikasimama, wakagoma wiki 12 wakidai ujira ulio sawa, na jina la Herstal likajulikana Ulaya nzima kwa jambo lisilokuwa bunduki.

Sasa tuje kwenye kununua. Anayeitaka bastola ya namna hii leo aghalabu hununua iliyokwisha tumika, kwa kuwa Herstal iliacha kuitengeneza zamani, na jambo la kwanza si bei bali idhini. Ubelgiji yenyewe iliziwekea bastola masharti kwa sheria ya 1933, kisha ikayakaza sana mwaka 2006. Kenya ina Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Muuzaji anayekuambia kibali kitafuata baadaye anakuuzia kesi.

Ukiisha pata ruhusa, itazame bastola kama mkwe anavyotazamwa, kwa heshima na bila ya kupepesa jicho. Anza na rangi. Bastola iliyosuguliwa na kutiwa rangi upya humeremeta kuliko ile ya asili, lakini herufi zake zimelegea kingo, na matundu ya kutu yaliyosawazishwa kwa msasa huacha mabonde mepesi ambayo mwanga wa dirishani huyafichua. Linganisha nambari za vipande. Ielekeze tupu kwenye mwanga, uchungulie mtutuni uone kama mifereji ingali na ncha kali au imekuwa mawimbi. Pitisha ukucha pembezoni mwa kitelezi ukitafuta ufa. Vibao vya mpini, ambavyo katika nyingi ni vya mpira mgumu, huvunjika pembe. Kasoro hiyo isikukimbize, bali ipunguze bei. Midomo ya magazini iliyopinda ni jambo kubwa zaidi, kwani ndiyo inayoipa kila risasi mwelekeo wake, na wengi walioilaumu bastola kwa kukwama walipaswa kuilaumu magazini. Nambari za usajili zilizokwanguliwa zikomeshe mazungumzo papo hapo.

Kuitunza ndiko kunakomfunua mtu. Kazi huanza kwa utaratibu ambao haugeuzwi hata kwa mwenye haraka: magazini hutolewa kwanza, kitelezi huvutwa baadaye. Anayevuta kitelezi kwanza huitoa risasi iliyokuwa ndani, akaridhika kwa kuiona imeanguka mezani, ilhali kitelezi kinaporudi kimekwisha chota nyingine kutoka magazini na kuiingiza mahali pa ile iliyotoka. Na ajali nyingi za bastola iliyodhaniwa kuwa tupu ni matunda ya mpangilio huo uliopinduliwa. Kisha jicho litazame ndani ya chemba, na baada ya jicho ncha ya kidole, kwa kuwa jicho huona linachotarajia.

Hapo ndipo bastola hii inapomlipa mwenyewe kwa usahili wake. Kitelezi hurudishwa nyuma kidogo hadi mahali pake, mtutu huzungushwa, na yale mataruma yaliyo chini yake, yaliyokuwa yamekamatana na mifereji ya kiunzi, huachia. Vyote viwili huteleza mbele na kutoka, bila ya bisibisi wala nguvu. Ukijikuta unatumia nguvu, umekosea mahali fulani. Acha, utazame tena.

Adui wa bastola ya mfukoni si moshi wa baruti, kwa maana haifyatuliwi mara nyingi, bali ni mfuko wenyewe: nyuzinyuzi za nguo, jasho, na vumbi linaloganda penye mafuta. Kwa sisi tulio karibu na bahari yupo adui mwingine, hewa yenye chumvi, ambayo hula chuma kilichofutwa vibaya kwa muda mfupi mno. Na chumvi ya namna nyingine hutoka ndani: viwashio vya risasi za zamani viliacha mtutuni chumvi inayovuta unyevu, na mwenye kuipaka mafuta peke yake huifunika tu, akaitunzia kutu shuka ya kujifunika, kwa sababu mafuta hayayeyushi chumvi. Dawa yake ni maji ya moto, kisha kukausha kwa makini, kisha mafuta. Watu wengi huogopa kuutia maji mtutu, na hofu hiyo imeharibu mitutu mingi kuliko maji yalivyoharibu.

Mafuta nayo yawe akali. Tone moja la mafuta mepesi, hata haya ya cherehani, katika kila reli ya kitelezi, na utando unaobakia baada ya kitambaa kupita juu ya chuma kilichobaki, vyatosha. Tundu la sindano liachwe kavu, kwani mafuta yaliyozidi hutambaa hadi kwenye kiwashio cha risasi yakakiua, na huko ndani huchanganyika na vumbi yakawa utomvu unaoipunguzia sindano kasi. Ala ya ngozi ni nzuri kwa kubebea, lakini ni mbaya kwa kuhifadhia, kwa kuwa ngozi hunywa unyevu na dawa ilizosindikwa nazo hukigusa chuma usiku kucha. Kasha la chuma lenye kufuli, risasi katika kasha lake peke yake, na ufunguo mahali ambapo watoto hawapajui wala hawapafikii: hayo si matunzo ya bastola tena, ni matunzo ya nyumba, na asiyeyaweza asinunue.

Springi huchoka. Bastola inayolitupa ganda mbali kuliko zamani, kitelezi kikigonga kwa sauti ya ukali, inaomba springi mpya, na fundi mwema hukataa kuivuta ile kuukuu kwa mkono ili irefuke, kwani urefu huo ni wa siku chache. Sindano za zamani, ambazo chuma chake kimekuwa kikavu, hukatika ncha kwa kufyatuliwa tupu kwa mchezo. Mambo hayo yote hutengenezeka. Kitelezi chenye ufa hakitengenezeki, kwa sababu ndicho kinachouzuia mlipuko usimrudie mtu usoni, na moto wa kuchomelea huuharibu ugumu wa chuma kilichopozwa kwa hesabu. Huko Liège silaha inayostaafishwa hupelekwa nyumba ile ile ya majaribio, ikalemazwa kwa kanuni na kupigwa chapa inayoshuhudia kwamba haiwezi tena kufyatuka. Kwetu, mwenyewe huibeba ikiwa tupu, pamoja na kibali chake, akaikabidhi kituo cha polisi na kudai stakabadhi.