Yaliyomo Yakae Wapi? Uhakiki wa Ukurasa wa Kata

Wahakiki wetu wamezoea kuangalia jalada, kisha wakarukia sura ya kwanza. Katikati pana ukurasa mmoja usio na mhakiki, nao ni ule wa yaliyomo. Huhesabiwa kuwa kazi ya mchapaji, sawa na bei na anwani. Makala haya yanadai kwamba mahali yanapokaa yaliyomo ni suala la fani, na likikosewa, maudhui nayo huumia. Kielelezo chetu si riwaya wala tamthiliya. Ni ukurasa wa wiki, aina ile inayoeleza kata moja ya mjini katika Wikipedia ya Kiswahili. Tuchukue Mikocheni, Wilaya ya Kinondoni, kwa kuwa ni jirani yetu hapa Mlimani.

Wiki hii haina uhusiano na siku saba. Ward Cunningham, Mmarekani aliyeanzisha tovuti ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1995, alilitoa jina kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu, na kwa Kihawaii maana yake ni haraka. Haraka hiyo tutaiona matunda yake. Neno linalotuhusu zaidi ni Yaliyomo, ambalo ndilo linaloandikwa juu ya orodha ya vichwa vya ukurasa. Hebu tutazame mwisho wake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kuwa po, ko na mo hazibadilishani ovyo. Mo ni ya ndani. Kwa hiyo orodha ile inatoa ahadi: haya yamo humu, ingia uyakute.

MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ina desturi yake. Katika muonekano wa zamani, ukurasa ukifikisha vichwa vinne orodha hujitokeza yenyewe, kabla ya kichwa cha kwanza na baada ya utangulizi. Mwandishi asiyeridhika anaweza kuihamisha. Huandika herufi TOC zikiwa zimebanwa na vistari viwili vya chini kila upande, na orodha ikakaa hapo. Akitanguliza NO, orodha inatoweka kabisa.

Desturi hiyo, kwa maoni yangu, ni ya kifasihi kuliko walivyodhani mafundi walioiweka. Mtambaji hakutajii vituo vya hadithi kabla hujaitikia "pakawa". Kwanza anakuingiza, ndipo mnaanza safari.

Tatizo ni pale utangulizi unapokuwa sentensi mbili. Kurasa nyingi za kata zetu ndivyo zilivyo: hii ni kata ya wilaya fulani, katika mkoa fulani, na sensa ilihesabu wakazi kadhaa. Halafu vinafuata vichwa: Tazama pia, Tanbihi, Marejeo, Viungo vya nje. Vimetimia vinne! Orodha inachomoza, ndefu kuliko habari yenyewe, na hakuna hata mstari mmoja unaohusu watu wala mahali. Hapo, jamani, hamna mo.

Wapo wanaosema dawa ni kuifuta orodha, ukurasa upendeze. Siafiki. Hiyo ni kupaka rangi nyumba isiyo na vyumba. Orodha ile ya aibu ndiyo mhakiki wa kwanza wa ukurasa, tena asiyependelea, kwa sababu haikuandikwa na mtu: imetungwa na vichwa vyenyewe. Wengine wanataka ipandishwe juu kabisa, kabla ya neno lolote, kama kwenye kitabu. Lakini kitabu kina jalada la kukukaribisha, na ukurasa wa wiki hauna. Mtu ametafuta Mikocheni, anataka kwanza kuambiwa Mikocheni ni nini. Ukimpa "Tanbihi" kabla ya salamu, atafunga.

Jambo hili limebadilika tena. Muonekano mpya, uliofika Wikipedia ya Kiingereza Januari 2023, umeitoa orodha ndani ya matini na kuiweka ukingoni kushoto, inakomfuata msomaji anaposhuka. Pale mwandishi hana tena uwezo wa kuihamisha kwa zile herufi tatu. Ni rahisi kutumia, hilo nakiri. Ila yaliyomo yamekuwa yaliyoko: yapo kando, mbali kidogo na sauti ya msimulizi. Kwenye simu, ambako wengi wetu tunasoma, mambo ni mengine kabisa. Sehemu huwa zimekunjwa, na vichwa vinageuka kuwa orodha yenyewe, kila kimoja kikingoja kuguswa. Chini ya utangulizi, msomaji haoni chochote ila vichwa.

Ndiyo maana ule ubishi wa fani na maudhui, kati ya watu wa kikombe na chai na watu wa sarafu yenye sura mbili, hapa unawaelemea watu wa kikombe. Huwezi kusogeza orodha bila kugusa vichwa, na vichwa ndiyo hoja.

Basi Mikocheni ingestahili vichwa gani? Jina linatosha kuanzia. Ni mikoche na kiambishi -ni, kwa hiyo mahali penyewe panatumia po, ko na mo zilezile. Mkoche ni jamaa ya mnazi, wenye shina linaloweza kugawanyika. Na katika eneo hilo lenye jina la mikoche ndipo penye kituo cha utafiti wa kilimo kilichotokana na mpango wa taifa wa kuendeleza minazi! Kichwa "Mikoche na minazi" kingemvuta msomaji kuliko "Uchumi". Kipo Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, cha mwaka 1997. Ipo Soma, mkahawa wa vitabu wa Regent Estate, uliotokana na jitihada za Demere Kitunga. Yeye na Elieshi Lema ndio waliounda E&D, wachapishaji wa riwaya ya Lema, Parched Earth, mwaka 2001. Kata yenye historia ya vitabu namna hiyo kuorodheshewa "Viungo vya nje" peke yake ni dhuluma.

Utangulizi wa ukurasa huo ningeuandika mwisho, aya mbili kamili, jina na barabara ya Mwai Kibaki vikiwemo. Orodha ningeiacha chini yake, programu ilikoiweka. Tanbihi zingepanga foleni nyuma.