King Lear Ipi?

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huulizwa King Lear inasema nini. Akifika uzamili, huulizwa swali jingine: King Lear ipi?

Tamthilia hiyo ya Shakespeare ilichapwa London mwaka 1608 kama kijitabu. Mwaka 1623, miaka saba baada ya mwandishi kufariki, ikatoka tena ndani ya kitabu kikubwa kilichokusanya tamthilia zake. Matini hizo mbili hazilingani. Ya kwanza ina mistari karibu 300 isiyomo katika ya pili. Ya pili nayo ina takriban 100 ya kwake peke yake. Katika ile ya 1608, mfalme aliyerukwa na akili anaitisha kesi ya kufikirika dhidi ya mabinti waliomfukuza, mchekeshaji wake akiwa miongoni mwa mahakimu na kigoda kikiwa mshtakiwa. Katika ile ya 1623 kesi hiyo haimo kabisa. Hata kauli ya kufunga tamthilia imebadilisha msemaji: kwanza ni mhusika aitwaye Albany, baadaye mwingine, Edgar. Anayesema mwisho ndiye anayeelekea kuirithi nchi iliyovunjika, kwa hiyo si jambo dogo.

Wahariri walizoea kuzichanganya matini hizo na kupata King Lear moja ambayo haikupata kuchapwa enzi za Shakespeare. Toleo la Oxford la mwaka 1986 ndilo lililothubutu kuzichapa zote mbili, kila moja kivyake.

Hapo ndipo ninapousifu ufundi wa msomaji wa uzamili. Anaziweka matini sambamba, anashuka mstari kwa mstari, na kila zinapoachana anajiuliza: mwandishi alibadili nia? Waigizaji walipunguza urefu wa mchezo? Au mpanga herufi alisoma vibaya mwandiko? Ushahidi ukikosekana, anaandika hivyo hivyo kwamba umekosekana. Juma zima linaweza kuishia kwenye tanbihi moja, na tanbihi hiyo ikamfaa msomaji atakayekuja miaka hamsini baadaye.

Waswahili tunaijua kazi hii. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi kwa mkono, na baadhi ya miswada yake imehifadhiwa katika chuo kikuu cha SOAS, London. Aliyewahi kulinganisha nakala mbili za utenzi mmoja, ubeti upo huku na kule haupo, ameshafanya kazi ya mhariri wa Shakespeare.

Wengi huhitimu bila kukata shauri ni King Lear ipi iliyo bora. Wanachoondoka nacho ni desturi ya kutosema "imeandikwa hivi" kabla ya kuuliza imeandikwa wapi, lini na kutoka nakala gani. Katiba na mikataba nayo hupitia rasimu nyingi, na neno moja likiondolewa usiku, haki ya mtu huondoka nalo. Anayeweza kuliona pengo hilo asubuhi ni yule aliyezoea kusoma hivi.